Shairi Nililoliruka

Mtaa mzima ulimwita Binti Sultani, hata wale waliozaliwa wakati masultani wa kaunti, watawala wetu wa zamani, wamebaki picha za ukutani tu. Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alitawala kilima gani. Wapo wanaoyajua hayo kunishinda, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. "Ukitaka ukoo yangu, enda makaburini," alikuwa akisema. "Wale hawana kazi ingine." Nitamwandika mwanamke niliyemjua mimi, jirani yangu upande huu wa Arua unaotazama Dadamu, kwa miaka zaidi ya ishirini. Nitaandika pia kosa nililomfanyia nikidhani ninamtendea wema.

Alikuwa mrefu hata akiketi. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao, kigumu, kisicho na mto, na mgongo wake haukugusa mbao ya nyuma. Wageni aliwapa viti vya plastiki. Kiti kile kilikaa kwenye baraza ya nyumba ya baba yake, nyumba ya matofali mekundu yenye ngazi tatu mbele, na kutoka pale aliona kila aliyepita na kila aliyepita alionekana. Ukipita bila kusalimu, hakukuita. Alikohoa mara moja. Nimeona wanaume wenye vitambi wakirudi nyuma kwa kikohozi kile.

Boda boda alipanda kwa upande, miguu pamoja, mwavuli wazi hata kama hakuna jua. Mwendeshaji akikimbia, alipigwa bega kwa mpini. "Wewe! Mimi hapana gunia ya muhogo!" Nilitarajia vijana wa stendi wamkimbie, lakini walimgombania. Nikamuuliza mmoja sababu. "Huyu mama anatukana vizuri, mzee," akaniambia. "Anatukana mutu mpaka unasikia kama umebarikiwa."

Hakukubali kuonekana akila njiani, hata ndizi. Lakini kwenye msiba aliacha kiti, akaketi chini na wanawake wa jikoni, akamenya muhogo wa kusongea enya, ugali wetu, hadi vidole vikawa vyeupe. Alidai asalimiwe kwanza, kisha akauliza habari za mbuzi wako kwa jina. Alikuwa na jibu kali kwa padri, kwa diwani na kwa daktari wa macho, ila kwa kichaa wa sokoni alikuwa na adabu kama mkwe. Sikupata kuelewa mambo haya yote yalikaaje ndani ya mtu mmoja, na sasa nimeacha kujaribu.

Kitu kimoja hakukiweza kabisa: kubeba mzigo kichwani. Huku kwetu msichana wa miaka sita anatembea na ndoo kichwani mikono ikining'inia. Binti Sultani alibeba maji kwa mkono, akiinama upande mmoja, na wanawake wa kisimani walimcheka kwa mbali. Nyumbani kwa baba yake hakuwahi kutumwa maji. Alijaribu kujifunza ukubwani, na hapo ndipo anapoingia rafiki yake.

Rafiki huyo tulimwita Mama Sajini. Alikuwa Mwislamu wa Koboko, mjane wa askari, aliyezunguka na mumewe kambi hadi kambi na kurudi na Kiswahili kingi kuliko chetu sote. Miaka ile ya vita, West Nile yetu ilipobaki tupu, watu wote wakiwa wamevuka kwenda Sudani au Kongo, wawili hao walijikuta kwenye kibanda kimoja cha ukimbizini. Mama Sajini alimfundisha Binti Sultani kubeba kuni. Alimviringia kitambaa kuwa ngata, akamwekea kichwani, akamtwisha. Kuni zilianguka mara tatu. Mara ya tatu Mama Sajini aliketi chini akacheka mpaka akalia. "Shingo yako ni ya sultani," alimwambia. "Imezoea kugeuka, hapana kubeba." Binti Sultani alinisimulia hilo kila mwaka, na kila mwaka alijicheka mwenyewe, jambo ambalo hakumruhusu mtu mwingine kulifanya.

Waliporudi, mmoja alikaa Arua na mwingine Koboko, na kati yao kikasafiri kikapu. Tunajua wote kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa bakuli la asali, bakuli linarudi na karanga. Wao walishika desturi hiyo kwa ukali wa askari. Kikapu kilipewa dereva wa gari la Koboko, kikaenda na simsimu, ufuta wetu, kikarudi na kawa la kufunikia chakula, lililosukwa kwa rangi nne. Kikaenda na bamia kavu, kikarudi na tangawizi. Simu zilipokuja walipigiana, lakini mambo makubwa yalibaki kwa kikapu. "Simu ni ya kuuliza mvua," Binti Sultani alisema.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la tumbaku, nimesoma sekondari miaka minne, na nilipostaafu nilikuwa na macho mazuri na siku nyingi. Yeye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amegombezwa, kwa hiyo hakurudi tena kwake. Basi kila Jumatano baada ya chakula cha mchana nilimsomea barazani: barua, matangazo ya vifo ya gazeti, Zaburi. Aliniita Karani, sikumbuki akiniita vingine. "Karani, soma bila kuimba." "Karani, hiyo koma umeipita." Mke wangu alikuwa ameshafariki. Sikuwa na mahali pengine pa kuwa siku ya Jumatano, na hilo nataka lijulikane, kwa sababu lina sehemu yake katika kosa langu.

Jumatano moja kikapu kilifika na daftari la shule ndani yake, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Asubuhi ile Mama Sajini alikuwa amepiga simu. "Nimekuwekea kitu. Ni yako, ikae kwako. Usicheke."

Yalikuwa mashairi kumi na moja, kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima kama gwaride. Hakuna aliyejua kwamba Mama Sajini anaandika. Alijifunza kwa kusikiliza mashairi ya redioni miaka ya kambi, akihesabu mizani kwa vidole huku akisuka. Alikuwa amekaa na siri hiyo karibu maisha yake yote, na sasa ameiweka ndani ya kikapu, chini ya vitunguu.

Nilidhani Binti Sultani atasema ni mazuri au si mazuri. Hakusema. Nilipomaliza la kwanza, lililohusu simsimu ikikaushwa juu ya mwamba, alisema, "Hii nimeionja. Karani, chota simsimu bakuli moja, funga, andika juu yake namba moja." Hivyo ndivyo alivyojibu. Kila shairi lilipata kitu chake, na kila kitu kilipata namba.

La tatu lilihusu viatu vya marehemu mumewe ambavyo bado viko chini ya kitanda. Akaniuliza, "Iko rangi gani, hiyo viatu?"

"Shairi halikusema, Mama."

"Basi nunua rangi nyeusi. Sajini hawezi kuvaa ya kahawia. Viatu ya marehemu inapigwa rangi, haiachiwi vumbi."

La nne, la mbuzi wa jirani mla mboga, lilijibiwa kwa kamba. La tano lilikuwa la uzee, na kwa kweli lilikuwa limelegea. "Hii amepika bila chumvi," akasema, akaagiza pakiti ya chumvi. Nikamwambia rafiki yake ataumia. "Ataumia, halafu ataongeza chumvi. Yeye ametuma kwa rafiki, hapana kwa mgeni."

Nilikuwa na tabia ya makarani, ya jicho kutangulia mdomo. Nilipofungua la saba, jicho langu lilifika chini kabla sijatamka neno. Ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Mama kabeba tofali, kichwani zimebanana,*
*Tumetoka njia mbali, jua kali la mchana;*
*Baraza yenye kivuli, muwa wako watafuna,*
*Leo nauliza swali: dada, je, ulituona?*

Beti tatu zilizofuata zilieleza namna wanawake walivyoitwa kujenga nyumba ya sultani bila malipo, na namna mama yake alivyoumwa shingo hadi kufa kwake. Nyumba yenyewe ndiyo hii niliyokuwa nimeketi mbele yake, baraza ndiyo hii, na mtoto mwenye muwa alikuwa amekaa mbele yangu ameinamisha sikio.

Nikakohoa, nikafunua kurasa mbili pamoja.

"Karani, nini?"

"Vumbi, Mama." Nikasoma la nane.

Nilijiambia ni heshima: mama wa karibu miaka themanini hapigwi na maneno barazani kwake. Nilijiambia Mama Sajini aliandika kwa hasira na labda amejuta. Ukweli wa chini nimeukubali baadaye: niliogopa kwamba akilisikia, baraza itafungwa, na Jumatano zangu zitakwisha.

Jioni nilifunga kikapu. Vitu vilikuwa kumi, na nilijua Mama Sajini atahesabu. Hapo nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza. Nilikwenda nyumbani kwangu, nikachukua nusu mche wa sabuni ya bluu, nikaufunga kwa karatasi safi, nikaandika namba saba. Nilifikiri ni zawadi isiyo na neno. Ukimbizini sabuni ilipendwa kuliko sukari. Nikaona nimetengeneza mambo.

Kikapu kilikwenda. Hakikurudi.

Mwezi ulipita, halafu mvua zikapita. Binti Sultani alipiga simu mara mbili, akajibiwa kwa adabu kavu, salamu na kwa heri. Hakupiga ya tatu. "Mtoto wa sultani habishi hodi mara tatu," akasema. Lakini kila Jumatano, kabla sijaketi, aliuliza, "Gari ya Koboko imefika?" Nikasema imefika. "Dereva hana kitu?" Nikasema hana. Kisha akataka daftari, alilolala nalo pamoja na Biblia, nimsomee tena lile la viatu, au simsimu, au mbuzi. Wakati mwingine alitaka yote. Nikaliruka la saba mara ya pili, mara ya tano, sijui mara ngapi. Vidole vyangu vilizoea. Miaka miwili nilimwona mwanamke yule mrefu akisikiliza kwa makini, akitafuta ndani ya mashairi kumi ni wapi alipomkosea rafiki yake.

"Labda chumvi," alisema siku moja. "Ile chumvi ilikuwa nyingi?"

"Sidhani, Mama," nikamjibu, na hata hapo sikusema.

Kisha nikaalikwa arusi Koboko, kwa mtoto wa binamu yangu. Asubuhi yake nilikwenda kumsalimu Mama Sajini, kwa kuwa kutokwenda kungeonekana vibaya. Alinipokea vizuri, akanipa chai ya tangawizi, akauliza habari za magoti yangu. Hakuuliza habari za Arua. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu. Sabuni ilikuwa pale, haijatumika, karatasi yenye namba saba imegeuka manjano.

"Karani, hii ni mukono yako?"

"Ni mwandiko wangu, Mama."

"Basi mwambie Binti Sultani mimi naoga kila siku. Na mama yangu alikuwa anaoga. Ile ilikuwa vumbi ya tofali, hapana uchafu."

Hapo ndipo nilipoelewa sabuni yangu ilivyosomwa. Mwanamke ameuliza, je, ulituona? Akajibiwa, kaoge. Nilipaswa kusema palepale. Nilikunywa chai hadi majani ya chini, nikaaga. Kama kuna mtu anasoma haya akitafuta mahali pa kunihurumia, asitafute hapo.

Jumatano tatu zilipita. Ya nne nilifika barazani, naye akauliza, "Gari ya Koboko imefika?" nami nikashindwa kusema imefika. Nikaketi, nikamweleza yote: kurasa mbili, kikohozi, sabuni, rafu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema neno moja.

"Soma."

Nikasoma. Sikuimba. Beti zote nne.

"Tena."

Nikasoma tena. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye kiti na kushika ukuta, ukipapasa matofali moja moja.

"Uliruka kwa nini?"

"Kwa heshima, Mama."

"Hapana. Heshima ni kunisomea. Wewe uliogopa, halafu ukavalisha woga yako shati safi." Sauti yake haikupanda. "Sikia, Karani. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto ya miaka saba. Mutu anaweza kusamehe mtoto. Sasa niko na miaka themanini, na wewe umeniweka hapa barazani tena, umenishikisha muwa, na mimi sijui."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema, "Leta nyundo na patasi."

Ilinichukua alasiri yote, mzee na magoti yake, kutoa tofali moja zima kwenye ngazi ya chini. Yeye aliketi juu yangu akitoa amri. "Polepole! Hiyo ilibebwa na mutu."

Kesho yake tulikodi gari. Tofali alilipakata amelifunika kwa kitenge, na njia nzima hakusema ila kumwambia dereva asikimbie. Koboko gari liliishia penye kisima, kwa kuwa kijia cha kwenda kwa Mama Sajini ni chembamba. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji. Binti Sultani alishuka, akanipa mwavuli, akavua kitambaa cha kichwani na kuanza kukiviringa kuwa ngata. Aliviringa vibaya. Mwanamke mmoja wa foleni alikuja, hakuuliza kitu, akakiviringa upya na kumwekea.

"Mama, nibebe mimi," nikasema.

"Ukigusa nitakupiga na hiyo mwavuli."

Alitembea. Mikono miwili juu, mabega yamepanda hadi masikioni, hatua kama za mtu anayevuka maji. Baada ya mti wa mpapai tofali lilianguka, kona ikakatika. Hakuweza kuinama. Nikaliokota, nikamtwisha, akaendelea. Nyuma yetu, kwenye foleni, hakuna aliyecheka.

Mama Sajini alikuwa mlangoni, kawa ambalo halijaisha mapajani. Alituona tangu mbali, wala hakusimama. Binti Sultani alifika mbele yake, shingo ikitetemeka, tofali likicheza juu.

"Niliwaona," akasema.

Mama Sajini aliendelea kusuka.

"Ile shairi nimesomewa jana. Mbele ya jana, Karani aliificha, na sabuni ni yake, hapana yangu. Hiyo atakuambia mwenyewe. Lakini swali uliuliza mimi. Niliwaona. Mama yako alikuwa mbele. Wewe nyuma yake, na kibuyu ya maji, umeishika na mikono miwili isimwagike. Ulinitazama. Nami nikaendelea kutafuna."

Nililijua shairi lile kwa moyo, maana nilikuwa nimelikwepa miaka miwili. Hakuna kibuyu ndani yake. Mama Sajini naye alijua. Niliona kawa likiteleza mapajani mwake likaanguka, naye akasimama, akaja polepole, akainua mikono yote miwili na kumtua rafiki yake tofali lile.

"Shingo bado ni ya sultani," akasema. "Ingia ndani kabla haijavunjika."

Mimi nilibaki uani na mwavuli. Nikaanza kusema yangu, kwamba kosa lote ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho, tofali kifuani kama mtoto. Kisha akaingia, akatoka na kile kipande cha sabuni, akakiweka mkononi mwangu.

"Haya, Karani. Vikombe iko kule kwa karai. Osha, tunywe chai."

Sabuni ilikuwa imekauka kama jiwe, na ilichukua muda kutoa povu. Kutoka ndani nilimsikia Mama Sajini akilisema shairi la saba mwenyewe, kwa sauti yake, bila daftari, na kila alipomaliza ubeti sauti ya yule mwingine ilijibu, "Ndiyo." Vikombe vilikuwa vitatu. Niliviosha mara mbili.